Neno la Kuwaitia Paka wa Ghala

Mmenicheka miaka mingi na sikuwakataza. Kila mmoja wenu alipoanza kazi hapa ghala la Kibiti alinikuta asubuhi nimechuchumaa mlangoni, nawanong'oneza paka, mdomo karibu ugusane na masikio yao. Tatu, ambaye hajaumbiwa kunyamaza, aliniuliza wiki yake ya kwanza, "Bi Zainabu, unamsengenya nani na hao paka?" Nikacheka, nikaendelea na kazi yangu. Sasa nimewakabidhi ufunguo na lile kombe la chaza la kulishia, na mchana kutwa nimekaa barazani kwangu, hapa mkabala na ghala, sijui mikono niiweke wapi. Nimeona afadhali niwaandikie. Habari za vyeo msizitafute humu, maana mlezi wa paka hapandi cheo. Ukimaliza kuwalea hawa, wanazaliwa wengine.

Kazi hii niliianzia Salale, kule deltani, zamani za Mdachi, kabla vita havijaanza. Nilikuwa mjane kijana. Mume wangu alichukuliwa upagazi kwenda bara, akafia huko, na mimi nikatoka Kibiti kutafuta pa kushika. Salale kulikuwa na ghala la mpunga la tajiri mmoja tuliyekuwa tukimwona kwa nadra. Aliyekuwa akituangalia ni msimamizi wake, Mzee Shomari, mtu mwema mwenye kelele nyingi. Ghala lenyewe lilisimama juu ya nguzo za mikoko, kwa kuwa siku za bamvua maji ya bahari yalikuwa yakipita chini yake. Nyinyi wa Kibiti hamjui bahari kuingia uvunguni. Hamjui pia panya wanaoogelea. Panya wa Salale walikuwa wakitoka mikokoni kwa kuogelea, wanapanda nguzo wakiwa wamelowa, wanajikung'uta, wanaingia kula.

Dawa yao ilikuwa paka, na mlezi wa paka alikuwa Bi Mwanahawa. Alikuwa Mmatumbi wa milimani, mwembamba, mrefu, ana pengo mbele, na alikuwa hapendi salamu ndefu. Siku ya kwanza nilipoletwa kwake kuwa msaidizi, alishika mikono yangu akainusa.

"Umepika?"

"Nimekaanga vitunguu, bibi."

"Kanawe kwa majivu. Mtoto wa paka akishika harufu ya jikoni ndiyo basi, atakuwa paka wa jikoni. Hapa hatufugi wageni wa chakula cha jioni."

Nikaenda kunawa. Niliporudi aliinusa tena, akanirudisha.

Msimamo wake ulikuwa huo, na mpaka leo sijaona wa kuupinga. Paka wa ghala asionje kilichopikwa. Akishaonja mchuzi, panya kwake huwa kitu cha kuchezea tu, na macho yake yako kwenye sufuria. Kwa hiyo tangu anapoachishwa ziwa hupewa kibichi: samaki wa asubuhi ile ile, kamba wa mikokoni, halafu panya. Lakini hapewi kwa pupa. Wengi wanakosea hapo. Wanamwona ana meno mawili, wanamtupia kipande cha samaki, anaharisha, anakauka, anakufa, halafu wanasema amerogwa.

Bi Mwanahawa alianza hivi. Meno yakishachomoza, nawe unayajua kwa kumpa kidole akitafune, alimwacha mtoto kwa mama yake kama kawaida, ila asubuhi kabla hajanyonya alimlambisha maji ya samaki. Alichukua samaki mbichi, akaukwangua kwa kombe la chaza ule mnofu laini wa mgongoni, akaukoroga kwa maji ya kisimani, akachovya kidole. Mtoto hulamba, hupiga chafya, hukunja uso, kesho hurudi mwenyewe. Akishazoea, maji hupunguzwa na mnofu huongezwa, mpaka inakuwa nyama tupu iliyokwanguliwa. Baada ya hapo ni kamba, waliomenywa, umevunja ule mwiba wa kichwani maana hukwama kooni. Halafu samaki wadogo wazima na mifupa yao, ila hongwe usimpe kamwe, miba yake hata mtu mzima humlaza kitandani. Mwisho hupewa panya aliyekufa, aliyepasuliwa. Akiharisha mahali popote kwenye safari hiyo, usimpe dawa. Mrudishe nyuma, kwenye maji ya samaki, umwache hapo mpaka tumbo litulie.

Na kila mara alipowalisha aliwaita. Aligonga kombe kwenye ngazi, akaita kwa sauti ya juu ya kwao milimani: "Maji! Maji! Maji!" Kwa kuwa ndicho kitu cha kwanza walichoonja baada ya ziwa la mama yao, hawakujua jina jingine la chakula. Hata walipokua wakawa wanakula panya wazima, ukisema maji walikuja mbio mikia juu. Watu wa Salale walizoea. Mzee Shomari alikuwa akisema paka wetu ni Waislamu safi, wanaitwa kutawadha mara tatu kwa siku.

Halafu vita vikaja.

Vilianzia milimani kwa akina Bi Mwanahawa. Watu walichoshwa na pamba ya Mdachi na viboko vyake, wakaing'oa. Wakapewa dawa, maji yaliyoombewa, wakaambiwa risasi zitageuka maji zikiwagusa. Wakaenda vitani wakilitaja neno hilo kwa sauti. Mnajua yaliyowapata. Kule kwetu deltani hatukuviona vita vyenyewe, tuliona boti za askari zikipanda na kushuka mtoni, na siku za upepo wa kusini tulinusa vijiji vikichomwa.

Ndipo neno likawa hatari. Mtu alisikiwa akilitaja, akashikwa, na wengine hawakurudi. Basi Salale nzima ikaliacha. Ukiwa na kiu uliomba "ile ya mtungini". Wanawake walikuwa wakiulizana, "Unakwenda kuchota?" "Kuchota nini?" "Kuchota tu." Bahari imetuzunguka kote, na hatukuweza kukitaja ilichokuwa nacho. Ningecheka kama nisingekuwa naogopa.

Mzee Shomari alikuja ghalani, akafunga mlango.

"Mwanahawa, badilisha neno lako. Waite pusi, waite njoo. Waite kwa jina la baba yangu ukitaka."

"Baba yako hawamjui."

"Mimi sitanii! Wewe Mmatumbi, kila mtu anajua. Wakikusikia wewe na neno lile, nitawaambia nini?"

"Nimekusikia, Mzee Shomari," akasema, na nilimwona amesikia kweli. Akaanza kuwaita kwa "njoo". Wale wakubwa walimwangalia kidogo, wakaelewa kwa kuona mkono wake. Lakini tulikuwa na watoto wanne wa paka mmoja aliyeitwa Mchele, waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza kulambishwa, na siku hizo hizo Mchele akaumwa na nyoka chini ya ghala akafa. Watoto wakabaki hawana ziwa, na tumboni wana maji ya samaki tu. Waliogopa kila kitu. Walijificha uvunguni, mwisho kabisa kwenye nguzo za nyuma ambako mtu hapenyi, na hakuna "njoo" iliyowatoa. Bi Mwanahawa aligonga kombe, akaita, akabembeleza, akaacha chakula kikaliwa na kaa. Mmoja tukamkuta amekufa, amekuwa mwepesi kama ganda la mpunga.

Msidhani ilikuwa huruma ya paka peke yake. Wakati ule wakulima wa mtoni na wa barabarani walikuwa wakiona vyakula vinachomwa na kuchukuliwa, wakaleta mbegu zao za mpunga kwetu tuzihifadhi. Waliziweka kwenye vikanda, vile vifuko vya ukili, kila mtu na fundo lake la kuzitambulia. Walisema, njaa inakuja, tutakula mizizi, lakini mbegu hatuli. Na sisi paka waliobaki walikuwa wawili, mmoja mzee hana meno. Panya waliogelea kila siku. Watoto wa Mchele wasingekuwa wawindaji, hakuna ambaye angepanda.

Siku aliyokufa yule mdogo nilimuuliza Bi Mwanahawa kama ana habari za nyumbani. Alikuwa na kaka huko milimani, na watoto wa kaka.

"Nina habari za paka," akanijibu. Halafu akasema, "Kwetu wamechoma mpaka vichaka, Zainabu. Nikikaa kuwaza hayo sitanyanyuka. Nipe kombe."

Akalala kifudifudi kwenye matope, akatia kichwa uvunguni, akanong'ona lile neno. Wakatoka. Wote watatu, wanatembea kwa matumbo, wakamlamba vidole. Tangu hapo akawaita hivyo, kwa kunong'ona, na wakapona. Wakafika kwenye mnofu uliokwanguliwa, wakafika kwenye kamba. Mmoja alikuwa na baka jeusi jichoni na tumbo lake lilikuwa halitulii, kila akisogezwa mbele alirudi kuharisha. Wawili wengine walikuwa tayari kumng'oa panya mkononi mwako.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Ilikuwa asubuhi ya bamvua, na mto nao ulikuwa umejaa kwa mvua za juu. Mimi nilikuwa ndani nafagia. Bi Mwanahawa alikuwa kwenye ngazi na kombe lake na samaki. Bahari ilikuja kuliko tulivyotazamia, ikaingia chini ya ghala kwa kishindo, inasukuma magogo, na watoto wa paka walikuwa kule nyuma kwenye nguzo. Nilimsikia ananong'ona. Nikamsikia ananong'ona kwa nguvu. Povu na magogo vikammeza sauti. Ndipo akapiga ukelele wake wa zamani, ule wa milimani, Salale nzima ikausikia:

"Maji! Maji! Maji!"

Na yalikuwa maji kweli. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hata asingekuwa na paka mtu yeyote mwenye akili angepiga kelele ile ile. Lakini watu majumbani hawakusikia bahari, walisikia vita. Wakakamata watoto wao wakakimbilia mikokoni. Na kwenye kona ya mto palikuwa na boti ya askari inakuja kutia nanga. Walichokiona ni kwamba mwanamke kapiga kelele ya neno lile, na kijiji kizima kikatoweka.

Watoto wa paka waliogelea kuifuata sauti. Alikuwa amesimama kwenye maji ya kifuani, akawatia kwenye kanga, akanirushia mlangoni mmoja mmoja. Wakanikwaruza, wakakimbia kujificha nyuma ya vikanda. Alikuwa bado anapanda ngazi, nguo zimemganda, anacheka kwa furaha pengo lote nje, askari walipofika.

Mkubwa wao alikuwa ombasha, mtu wa mbali, Kiswahili chake kizito.

"Nani kapiga kelele?"

"Mimi, bwana."

"Unamwita nani?"

"Nilikuwa naita watoto."

Akachungulia ndani. "Watoto wapi?"

"Watoto wa paka, bwana."

Wakacheka. Mzee Shomari alifika anahema, akaapa kwa Mungu na kwa mama yake kwamba ni kweli, huyu ni mlezi wa paka, ndivyo anavyowaita tangu zamani. Mimi nikasema nimewaona, wamo humu ndani, nimewapokea kwa mikono yangu hii. Nikaonyesha makwaruzo. Askari mmoja alinisukuma kwa kitako cha bunduki nikakaa chini.

"Haya," ombasha akamwambia Bi Mwanahawa. "Waite tuone."

Akachukua kombe. Akagonga kizingiti, akaita, "Maji, maji, maji," taratibu, kwa upole ule ule wa kila siku. Tukangoja. Ndani kulikuwa na mabuti, na harufu ya bunduki, na watoto wa paka waliolowa wasiomjua mtu mwingine duniani ila sisi wawili. Akaita tena. Nilikuwa naviona vikanda vya mbegu na nilikuwa naomba, Ee Mola, mmoja tu, hata mkia wake. Hakutoka hata mmoja.

"Wewe kabila gani?" ombasha akauliza.

Angeweza kusema lolote. "Mmatumbi," akasema.

Wakamfunga mikono kwa mbele. Mzee Shomari alipiga magoti kwenye tope, mzee mzima, kilemba kimeanguka. Bi Mwanahawa hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, akaniachia kombe mkononi, na alichosema ni kazi.

"Yule wa baka ameharisha leo, usimpe nyama. Mrudishe kwenye maji."

Alipolitamka, ombasha akageuka. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitisha jambo lake, wakaenda naye.

Boti ilipopotea kwenye mikoko, watoto wa paka walitoka nyuma ya vikanda. Wakakaa kizingitini wakitazama ngazi. Niligonga kombe wakanitazama. Nikawawekea samaki hawakumgusa. Nikasema njoo, nikasema kuleni wanangu, nikawatukana. Jioni nikachuchumaa, nikaweka mdomo kwenye sikio la yule wa baka, nikalitamka lile neno kwa pumzi tu, hata mimi sikulisikia. Wakaja. Nikamrudisha yule wa baka kwenye maji ya samaki kama nilivyoagizwa, na nililia huku nakoroga, machozi yakiingia chomboni, na yeye akalamba yote.

Mzee Shomari alikwenda bomani kuuliza. Alirudi amezeeka, akaniambia, "Jina lake hawanalo. Wanasema hakuna mtu kama huyo." Wengine walituambia alikufa njiani kwa homa, wengine walitaja kamba ya kunyongea. Tulimsomea khitma bila kaburi, Salale nzima, hata wale waliokimbilia mikokoni, na hao ndio waliolia zaidi.

Njaa ikaja kama walivyosema. Watu walichimba ming'oko ya porini, walichimba ndiga, mizizi yenye sumu, wakaziloweka siku nyingi zisiwaue. Watoto walivimba miguu. Nami kila asubuhi nilikuwa nakwangua samaki kwa ajili ya paka, na kuna mama mmoja alisimama akanitazama nikifanya hivyo. Nikampa ule mwili wa samaki, nikabaki na kichwa na matumbo. Mbegu hakuna aliyeiomba. Watoto wa Mchele wakawa paka ambao sijawaona tena mfano wao, na yule wa baka, aliyechelewa kuliko wote, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alikuwa akiwangojea panya pale wanapopanda nguzo, kabla hawajajikung'uta.

Mvua zilipokuja wenye mbegu wakaja. Walikonda hata hatukuwatambua, tukawatambua kwa mafundo yao. Kuna vikanda ambavyo wenyewe hawakuja. Mzee Shomari aliwagawia waliokuwa hai, wakapanda kwa niaba ya wenzao.

Ghala la Salale baadaye lilifungwa, nikaja Kibiti na paka wawili kwenye tenga, wajukuu wa yule wa baka, nusu ya njia kwa mtumbwi na nusu kwa miguu, wakilalamika njia nzima. Paka wote mnaowaona hapa wametoka kwao. Hapa hakuna kamba wala samaki wa asubuhi, mmeona ninavyohangaika na maini ya kuku na nyama ya buchani, kidogo kidogo, na njia ni ile ile. Wadachi waliondoka, wakaja Waingereza, na neno likarudi kuwa neno la kawaida. Watu wanaagiza maji hotelini kwa kelele. Mimi kwa paka sikuweza kulipandisha. Kila kizazi cha watoto wa paka nilikifundisha kwa pumzi, kama nilivyofanya jioni ile, na nyinyi mkanicheka, na mlikuwa na haki, kwa kuwa sikuwaambia.

Juzi nilipokabidhi, Tatu alichukua kombe kwa mbwembwe, akagonga mlango, akaita kwa sauti kubwa, "Maji! Maji! Maji!" Nikageuka kutazama barabarani. Kulikuwa na mtu anapita na baiskeli, hakutazama hata. Lakini paka nao walitawanyika, wengine wakapanda darini. Mkaangua kicheko wote. Mimi nilikwenda nyuma ya ghala, kwa sababu niliona nilichokifanya: nimewalea paka wa Bi Mwanahawa mpaka wakawa hawaijui sauti yake.

Hao wakubwa waacheni, wanong'onezeni, hawatabadilika tena. Lakini nyuma ya magunia ya mtama kuna watoto wapya, ndiyo kwanza wanafungua macho. Hao hawajasikia neno lolote bado. Tatu, meno yakichomoza, kanawe mikono kwa majivu, ukwangue nyama laini, uikoroge. Siku hiyo ya kwanza uwaite kwa sauti yako yote. Mimi nitakuwa hapa barazani, na nataka niisikie.